Kitabu cha Mto cha Sei Shōnagon: ununue tafsiri ipi?

Makura no Sōshi, yaani Kitabu cha Mto (mto wa kulalia, si wa maji), kiliandikwa Kyoto miaka elfu moja iliyopita na mwanamke aliyekuwa mwandani wa malkia. Leo asiyejua Kijapani akikitafuta, atakutana na tafsiri nne zinazotajwa kuliko nyingine: ya Arthur Waley (1928), ya Ivan Morris (1967) na ya Meredith McKinney (2006) kwa Kiingereza, na ya André Beaujard kwa Kifaransa. Zote zinajiita kitabu kilekile, lakini yaliyomo hayalingani. Ya Waley ina kama robo tu ya maandishi. Ya Morris ipo kwa namna mbili, nzima na iliyopunguzwa, na inayopatikana kwa wepesi ni hiyo iliyopunguzwa. Ya McKinney ni nzima, ila imetoka kwenye ukoo mwingine wa miswada.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: kama utanunua kimoja tu na unasoma Kiingereza, nunua cha McKinney. Yanayofuata ni sababu, pamoja na hali ambazo jibu hilo linageuka.

Mwandishi mwenyewe

Jina lake halisi halijulikani. "Sei" ni usomaji wa Kichina wa herufi ya kwanza ya jina la ukoo wake, Kiyohara. "Shōnagon" ni cheo cha serikali, diwani mdogo. Basi anayemwita Shōnagon anamwita kwa cheo, kama vile sisi tunavyomwita mtu Karani au Mwalimu mpaka jina lake likasahaulika. Alizaliwa takriban mwaka 966. Baba yake, Kiyohara no Motosuke, alikuwa mmoja wa washairi watano waliopewa na kasri kazi ya kukusanya diwani ya Gosenshū, kwa hiyo binti alikua ndani ya ushairi na akajua maandiko ya Kichina kuliko ilivyotarajiwa kwa mwanamke wa wakati ule.

Aliolewa na Tachibana no Norimitsu, wakapata mtoto wa kiume, wakaachana bila kugombana. Karibu mwaka 993, akikaribia miaka 30, akaingia kasri kumtumikia Teishi, malkia wa Mfalme Ichijō. Teishi alikuwa na miaka kama 17 hivi. Hapa ndipo penye jambo ambalo msomaji lazima alijue kabla hajachagua tafsiri, kwa sababu kitabu chenyewe hakilisemi waziwazi. Baba wa Teishi, Fujiwara no Michitaka, alifariki 995. Mwaka uliofuata kaka zake, Korechika na Takaie, walifukuzwa mji mkuu baada ya watu wao kumrushia mshale mfalme mstaafu Kazan. Teishi alikata nywele, ishara ya kuingia utawa. Ami yake Michinaga akashika hatamu, na mwaka 1000 binti yake, Shōshi, naye akafanywa malkia, wake wawili wa mfalme mmoja wenye hadhi moja. Mwishoni mwa mwaka huohuo Teishi alifariki kwa uzazi.

Sasa fungua kitabu uone: vicheko, theluji, mavazi, mashairi ya papo kwa papo, mabwana wanaotoka vyumbani alfajiri wakitafuta kofia zao gizani. Msiba hauonekani. Shōnagon aliamua kuandika enzi ya malkia wake kwa upande wa furaha tu. Asiyejua tarehe hizo humwona mwanamke wa anasa. Anayezijua huona kazi ngumu ya kuilinda heshima ya nyumba iliyoanguka. Murasaki Shikibu, mwandishi wa riwaya ya Genji, aliyemtumikia malkia mpinzani, alimsema vibaya kwenye shajara yake: anajiona, anatawanya herufi za Kichina, na ukizichungulia utakuta kasoro. Maneno hayo hunukuliwa mno kama hukumu ya haki, na wanaoyanukuu husahau kwamba yalitoka upande wa washindi.

Hivyo swali la kwanza la kuuliza tafsiri yoyote ni: je, inakupa tarehe, ukoo na vyeo, au inakuachia ufumbe macho?

Kwa nini unene wa vitabu hautofautiani kwa bahati

Mswada alioandika mwenyewe haupo. Kilichobaki ni nakala za nakala, na wataalamu wamezigawa katika koo nne. Mbili, Sankanbon na Nōinbon, zina vipande vilivyochanganyika: hapa orodha, hapa kisa cha kasri, hapa wazo la mwandishi. Mbili nyingine, Maedabon na Sakaibon, zimepangwa kwa aina, orodha peke yake. Nakala ya Maeda ni ya karne ya 13, nayo ndiyo kongwe kuliko zote, lakini ukongwe wa karatasi si lazima uwe ukongwe wa maneno. Sankanbon ina maneno ya mnakili yenye tarehe ya 1228, na leo wahariri wengi wa Japani huitegemea hiyo. Zamani ilikuwa vingine: msomi Kitamura Kigin alitoa mwaka 1674 toleo lenye maelezo, Shunshoshō, la ukoo wa Nōin, na toleo hilo ndilo lililosomwa kwa karne kadhaa.

Morris alitembea hasa na Shunshoshō, akichungulia Sankanbon. McKinney amekaa kwenye Sankanbon. Ndiyo maana utakuta kisa kwa mmoja kimefika mahali tofauti kwa mwenzake, sentensi imeongezeka au imekosekana, na hakuna aliyekosea.

Pima kwa ukurasa wa kwanza

Kila mwanafunzi wa Japani hukutana shuleni na maneno ya kufungulia: haru wa akebono. Neno kwa neno ni "majira ya kuchipua: mapambazuko." Hakuna kitenzi, hakuna kivumishi. Ametaja majira, akataja saa, akanyamaza. Kiswahili kinaweza kubeba hilo vizuri kabisa, maana mtu akiulizwa chai au kahawa hujibu "mimi chai" na mambo yakaisha. Kiingereza na Kifaransa vinahangaika.

Morris anasema kwamba wakati wa kuchipua ni mapambazuko ndiyo "yanayopendeza kuliko yote". Hayo ya kupendeza ameyatia yeye. Beaujard anasema ni mapambazuko "ninayoyapenda zaidi", naye ameongeza nafsi ya kwanza na mapenzi. McKinney anaweka majira, mkato, mapambazuko, kisha anaendelea moja kwa moja kwenye ukingo wa milima unaoanza kung'aa na mawingu membamba ya zambarau. Amemwacha Shōnagon anyamaze pale aliponyamaza.

Nenda mpaka mwisho wa kipande hichohicho, kwenye kipupwe. Asubuhi na mapema, theluji au jalidi, watu wanakimbizana kuwasha moto na kupitisha makaa vyumbani, na picha hiyo inaafikiana sana na msimu. Halafu: mchana ukifika, baridi ikalegea, makaa ya kwenye chungu cha moto yanageuka majivu meupe, waroshi. Neno hilo la mwisho ni "vibaya", "haipendezi". Baada ya mapambazuko, vimulimuli, kunguru wanaorudi viotani watatu, wanne, wawili, ukurasa mtukufu kuliko yote ya kitabu unafungwa kwa mtu anayekunja pua mbele ya jivu. Yeyote aliyewahi kutazama jiko la mkaa lililosahauliwa anajua rangi hiyo.

Morris anaishia kwenye marundo ya majivu meupe, na kule kukunja pua hakupo. Sentensi yake ni nzuri, yenye huzuni kidogo, ya Kiingereza kizuri. McKinney anaiacha hukumu mahali pake. Kwa maoni yetu tofauti nzima ya tafsiri hizi mbili imo kwenye neno hilo moja: Morris hulainisha, McKinney huacha kona ikiwa kali.

Jaribio la pili ni mbu. Yumo kwenye orodha ya nikuki mono, vitu vya kuchukiza. Kwa Kiswahili, moja kwa moja kutoka Kijapani: umejilaza na usingizi umekushika, mbu anakuja na kisauti chembamba cha kusikitisha akijitaja jina, anaruka karibu na uso, hata upepo wa mabawa yake umelingana na kimo chake, na hilo ndilo linalochukiza kupita kiasi. Kejeli iko kwenye kujitaja jina, kama shujaa wa vita anavyojitangaza, na kwenye upepo wa saizi ya mbu. Wote wawili wamempa mbu sauti yake. Lakini Morris hupenda kusema "mtu": mtu amelala, mtu anasikia, mtu anachukizwa. McKinney husema "wewe" na "mimi". Kijapani cha Shōnagon hakitaji mtendaji kabisa, kwa hiyo kila mmoja ana haki yake, ila ule "mtu" wa Morris unamfanya Shōnagon aonekane bibi wa sebuleni London.

Waley

Waley alijifunzia Kijapani kazini katika Makumbusho ya Uingereza na hakufika Japani maisha yake yote. Mwaka 1928, akiwa katikati ya kutafsiri Genji, alitoa kijitabu hiki. Kinaanza na maelezo yake mwenyewe kuhusu Japani ya karne ya 10, kisha vipande vya Shōnagon vinapita, vikiunganishwa na maneno ya Waley: anaeleza nani ni nani, anaruka, anarudi, anatoa maoni. Ameacha yaliyomchosha, yaliyojirudia, na yale ambayo yangehitaji maelezo mengi kuliko maandishi yenyewe. Katika hayo, orodha nyingi zimekwenda.

Kinachopatikana ni kama wasifu wenye manukuu marefu. Unasomeka jioni moja, Kiingereza chake ni kitamu, na hakuna mahali utakapopotea kwa sababu Waley amekushika mkono. Kinachokosekana ni umbo. Kitabu cha Mto hakina njia, ndiyo sifa yake. Waley amekijengea njia. Anayetaka kujua kama Shōnagon ni mtu wake kabla ya kutoa pesa, aanze hapa, kwani nchini Marekani hakimiliki ya kijitabu hiki imeshakwisha na nakala za bure zipo mtandaoni. Mwanafunzi anayeandika tasnifu asikitegemee: haiwezekani kila mara kujua mara moja maneno ya Waley yanaishia wapi na ya Shōnagon yanaanzia wapi.

Morris

Hapa ndipo watu wanaponunua wasichokitaka. Mwaka 1967 Morris, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa majalada mawili: la kwanza tafsiri nzima ya vipande 326, la pili maelezo matupu. Kisha 1971 Penguin ikatoa toleo la jalada moja lenye vipande 185. Jina la kitabu lilelile, jina la mfasiri lilelile. Vilivyopunguzwa ni hasa orodha za majina ambazo Morris aliona hazina maana kwa msomaji wa Magharibi. Ukiona Morris kwa bei nafuu, ni huyo wa 185. Majalada mawili ya 1967 utayapata maktaba za vyuo au kwa wauzaji wa vitabu vya zamani.

Nguvu ya Morris ni maelezo. Alikuwa ameshaandika kitabu kizima kuhusu maisha ya kasri ya Heian, yaani enzi ya Shōnagon, na hata toleo lililopunguzwa lina mamia ya tanbihi, ramani, mchoro wa kasri, vizazi vya ukoo, kalenda. Thamani yake utaiona kwenye kisa cha mwani. Norimitsu, yule mume wa zamani, alibanwa na bwana mmoja wa kasri ataje Shōnagon amejificha wapi. Ili asijikwae kwa kicheko alijaza mwani mdomoni akatafuna, ingawa haukuwa wakati wa kula. Baadaye akabanwa tena, akamwandikia Shōnagon usiku: niseme? Akajibiwa kwa kipande cha mwani ndani ya karatasi, bila neno. Norimitsu akaja akashangaa: ule uchafu ulionitumia ulikuwa wa nini? Mwani kwa Kijapani ni me, na me ni jicho; alikuwa akimkonyeza, nyamaza kama ulivyonyamaza. Yeye hakuelewa, na alijulikana kwa kuchukia mashairi. Bila tanbihi, nawe utabaki upande wa Norimitsu.

Kisa cha theluji ya Kōrohō, kilele cha mlima huko China, ni hivyohivyo. Theluji imerundikana nje, madirisha yameshushwa, wanawake wanaota moto. Malkia anauliza: Shōnagon, theluji ya Kōrohō ikoje? Shōnagon anaagiza dirisha lifunguliwe, anakunja pazia la mianzi juu kabisa, na malkia anacheka. Ni beti ya mshairi wa Kichina Bai Juyi, aliyesema alikunja pazia ili aitazame theluji ya kilele hicho. Wenzake waliijua beti, hawakuwaza kuijibu kwa mkono.

Ubaya wa tanbihi za Morris ni kwamba ziko mwisho wa kitabu. Utasoma ukiwa na vidole viwili kwenye kurasa mbili. Kwenye karatasi inavumilika. Kwenye nakala za kielektroniki zilizokaguliwa vibaya viungo vya tanbihi hukatika, na Morris bila tanbihi amepoteza nusu ya sababu ya kumchagua.

Kitu kimoja zaidi: Morris amekipa kila kipande kichwa cha habari. Inasaidia kutafuta. Lakini vichwa hivyo si vya Shōnagon.

McKinney

McKinney, Mwaustralia, aliishi Japani takriban miaka 20, na tafsiri yake ilipotoka 2006 ilichukua nafasi ya Morris katika orodha ya Penguin. Ina kitabu chote: karibu vipande 300 kwa namba tu, bila vichwa, na vile vya nyongeza vya Sankanbon vimewekwa mwisho. Kuna nyongeza juu ya mahali, vyeo na mavazi, pamoja na faharasa ya maneno.

Anapendelea wakati uliopo na sauti ya mtu anayezungumza. Anabakisha kurudiarudia kulikomo kwenye Kijapani, na hapo ndipo wengine wanapomlalamikia. Neno okashi limejaa kitabu kizima, mamia ya mara. Lina maana ya kinachopendeza, kinachochekesha, kinachotekenya akili, vyote pamoja. Jirani yake wa Kiswahili ni "tamu" pale tunaposema kisa kitamu. Mfasiri akitumia neno moja kila mara, ukurasa unalia kama ngoma ya mdundo mmoja. Akibadilibadilisha, msomaji hajui kwamba ni hisia moja inayorudi. McKinney anakubali kurudia zaidi ya Morris. Usome kwa sehemu ndogo ndogo na halitakukera.

Mavazi ndiyo yanayowashinda wasomaji wake. Shōnagon huona rangi kwa tabaka: juu nyekundu, chini yake zambarau iliyopauka, pindo la ndani likichungulia, na kila mpangilio una jina la ua na msimu wake. Kuvaa "ua la plamu" mwezi usio wake ni aibu. Tanzania na Kenya watu wanajua uzito wa kanga iliyovaliwa mahali pasipo pake, kwa hiyo wazo si geni. Majina ndiyo mageni. Weka alama kwenye nyongeza ya rangi kabla hujaanza na uirejee mara tano za mwanzo. Baada ya hapo macho yanazoea.

Beaujard

Msomaji wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi aliyesomea Kifaransa hana haja ya kupitia Kiingereza. Beaujard alitoa tafsiri nzima mwaka 1934 kama kazi ya kitaaluma, na Gallimard ikaichapa tena 1966 katika mfululizo wake wa fasihi ya Mashariki. Jina lake ni Notes de chevet. Ni mwaminifu, ina tanbihi chini ya ukurasa ambapo jicho linazifikia, jambo ambalo Morris na McKinney hawakutupa. Kifaransa chake kina umri, ni cha ofisini kidogo. Mzaha wa mbu unafika, lakini umevaa suti.

Orodha za majina: ziache au zisome?

Uamuzi wote kati ya Morris wa Penguin na McKinney unaishia hapa. Kuna orodha zinazompendeza kila mtu, na hizo Morris anazo: vitu vinavyofanya moyo udunde, kama kulea makinda ya shomoro, au kuoga nywele, kujipamba na kuvaa nguo zilizofukizwa, hata kama hakuna wa kukuona. Waliozoea kufukiza nguo kwa udi hawahitaji tanbihi hapo, maana jinkō waliyofukizia Kyoto ni mti uleule wa udi. Kuna vilivyo mbali ila viko karibu: pepo, safari ya mashua, mapenzi ya mwanamume na mwanamke. Kuna vinavyopendeza kwa udogo: uso wa mtoto uliochorwa kwenye tikiti, mtoto anayetambaa akaona kichembe cha taka sakafuni, akakishika kwa vidole vyake vidogo na kumwonyesha mkubwa.

Halafu kuna orodha kavu. Milima: Ogura, Kase, Mikasa, Konokure, Iritachi, Wasurezu, Sue-no-Matsu, Katasari. Hizo ndizo zinazokatwa, na mwanzoni unaona haki yake. Lakini Wasurezu ni "usiosahau". Katasari ni "unaojisogeza upande", na Shōnagon, baada ya kutaja majina bila neno, anasimama hapo tu: huo nao, sijui ukoje, unachekesha. Mlima unampisha nani? Si jiografia. Ni mtu anayeonja majina ulimini, majina ambayo washairi walikuwa wameyatumia miaka mingi. Zikikatwa orodha hizi, Shōnagon anabaki msimulizi wa visa na mwenye maneno makali. Zikibaki, unamkuta mwandishi aliyejua kwamba kutaja tu, kwa mpangilio fulani, kunaweza kuwa insha. Zuihitsu, kufuata kalamu inakokwenda, Wajapani wanaihesabu kuanzia hapa.

Zisome kwa sauti. Ukizipitisha kwa macho tu zitakuchosha, na hilo si kosa la mfasiri.

Yanayowakwamisha wasomaji

Namba za vipande hazioani. Vitu vya kuchukiza ni kipande cha 14 kwa Morris wa Penguin na cha 25 kwa McKinney. Ukiona makala inayosema "kipande cha 25" bila jina la mfasiri, haikusaidii. Nukuu kwa maneno ya kwanza ya Kijapani pamoja na namba na jina la mfasiri.

Mpangilio si wa tarehe. Kisa cha siku zake za kwanza kasri, akiwa anajificha nyuma ya kisitiri kwa haya, kimo ndani kabisa ya kitabu, baada ya visa ambavyo yeye ndiye anayewachekesha wengine. Watu humwona amebadilika tabia ghafla. Wamesoma nyuma mbele.

Watu hubadilika majina. Korechika ni Dainagon kwenye kisa kimoja, Naidaijin kwenye kingine, kwa kuwa alipandishwa cheo 994. Cheo kwenye kisa ni kidokezo cha tarehe: akiwa Naidaijin, upo kati ya 994 na 996. Ukizoea, utakisoma kitabu kama mtu anayesoma mihuri ya barua.

Saa. Usiku na mchana viligawanywa vipindi 12 vyenye majina ya wanyama, kila kimoja saa mbili. Panya ni kuanzia saa tano usiku hadi saa saba usiku, Ng'ombe hadi saa tisa, Chui milia hadi saa kumi na moja alfajiri. Shōnagon anapenda sauti ya mlinzi usiku wa baridi kali, viatu vikiburura, uzi wa upinde ukivutwa na kuachiwa, akitangaza jina lake na robo ya saa. Tafsiri za Kiingereza zinamlazimu msomaji ahesabu kutoka usiku wa manane. Wewe unayeamka saa kumi na mbili tayari unajua kwamba saa ni makubaliano.

Na ukitafuta jina la kitabu kwa Kiingereza utaletewa filamu ya Peter Greenaway ya 1996. Imechukua jina na vipande vichache. Hadithi ni nyingine, na si ya kutazama na watoto.

Uchukue lipi

Mwenye kununua kimoja: McKinney. Anayefundisha au kuandika kuhusu Heian: McKinney kwa matini, na Morris, wa 1967 akipatikana, kwa maelezo, kama ni Morris wa Penguin tu, bado inafaa kuwa navyo vyote viwili. Anayesoma Kifaransa: Beaujard bila kusita. Anayetaka kuonja: Waley, bure. Mwenye nakala ya Morris kutoka kwa mwalimu wa zamani asiitupe, asome visa humo, orodha azitafute kwingine.

Usianze mwanzo ukaenda mpaka mwisho. Soma ule ukurasa wa majira manne, kisha vitu vya kuchukiza. Nenda kwenye kisa cha mbwa Okinamaro: alimkimbiza paka wa mfalme mwenye cheo cha kasri, akapigwa, akaamriwa apelekwe Kisiwa cha Mbwa, akarudi amevimba, akikataa kuitika jina lake, mpaka aliposikia Shōnagon akimhurumia akatetemeka na kutoa machozi. Kisome mara ya kwanza kama kisa cha mbwa. Rudi ukiwa na mwaka 996 kichwani, mwaka wa kufukuzwa kwa Korechika. Baada yake kisa cha mlima wa theluji: aliweka dau kwamba utadumu hadi tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, akatuma watu kuukagua kila siku, na usiku wa 14 malkia mwenyewe akaamuru uondolewe kwa siri.

Kipande cha mwisho kiache mwishoni. Humo anasema aliandika akiwa nyumbani, kwa kudhani hakuna atakayeyaona, kwenye karatasi ambazo Korechika alimpa malkia. Malkia aliuliza kiandikwe nini, kwa kuwa upande wa mfalme wananakili historia ya Kichina. Shōnagon akajibu, basi ziwe mto. Siku moja Minamoto no Tsunefusa, wakati huo gavana wa Ise, akamtembelea. Wakamtandikia mkeka barazani, na daftari likatoka nao, liko juu yake. Aliruka kulikamata, mgeni akawa ameshaondoka nalo, na lilichukua muda mrefu kurudi.